Mtamba wangu kauziwa mwingine

SWALI: Nililipa arbuni ya Sh50,000 kwa M-Pesa kununua mtamba mwenye mimba kwa Sh140,000. Hatukuandikiana. Kabla ya siku ya kumchukua, muuzaji alimwuzia mtu mwingine. Nimfuate huyo mnunuzi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usimfuate. Ikiwa alinunua kwa nia njema, bila kujua habari zako, na akakabidhiwa mnyama, sheria humlinda. Mdaiwa wako ni muuzaji.

Kukosa maandishi hakukuzuii. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, arbuni iliyopokelewa inatosha kuupa mkataba nguvu. Chapisha taarifa ya M-Pesa na jumbe mlizoandikiana, hasa zinazotaja bei na mtamba yupi. Bila hizo atadai fedha zilikuwa za deni jingine.

Unadai arbuni, pamoja na tofauti ya bei ya mapatano na ya soko siku aliyopaswa kumkabidhi. Kama mtamba wa aina hiyo na umri huo alikuwa Sh165,000, tofauti ni Sh25,000, jumla Sh75,000. Maziwa ambayo ungeuza? Wengi huyadai, na ni nadra kuyapata.

Mpe barua ya madai yenye siku 14, ubaki na nakala iliyotiwa sahihi. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai hadi Sh1,000,000. Wakili si lazima. Polisi hawakusanyi madeni. Na mbuzi wake usiwaguse, utageuka mshtakiwa.