Kitabu cha nyuki cha buku kilivyonifungua mkono

Jamani mi nimekaa na daftari jipya la kuchorea zaidi ya mwaka bila kuligusa, kila nikilifungua naona ule weupe, naogopa kuliharibu, nalirudisha kabatini. Kilichonitoa hapo ni kitabu kikuukuu cha ufugaji nyuki nilichokuta kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, buku tu, jalada gumu, kurasa za njano, washakichorachora tayari. Kiukweli hicho hakitishi, unapaka tu rangi juu ya maandishi, kinageuka daftari lako la kuchorea.

Kama na wewe umekwama tafuta cha hivyo, ila kagua mgongo, kiwe kimeshonwa kwa uzi maana vile vya gundi kurasa zinachomoka. Halafu punguza kurasa, mi nachana mbili naacha tatu, bila hivyo ukishabandika vitu kitabu kinavimba hakifungi tena. Zinazobaki zigandishe mbilimbili zipate ugumu, gundi nyeupe ya mbao inafaa sana, uji wa ngano achana nao kabisa, mende walinilia kona nzima. Weka nailoni kati ya jozi na jozi mpaka zikauke. Rangi nyeupe ya maji, hii ya ukutani, ukiipaka nyepesi maandishi yanaonekana kwa mbaaali na hapo ndo raha ilipo.

Ukikosea paka juu yake. Msanii wa Uingereza Tom Phillips alinunua riwaya ya zamani London mwaka 1966 kwa pensi tatu tu, akaichora ukurasa kwa ukurasa, kurasa kibao akazirudia upya, toleo la mwisho likatoka 2016. Miaka 50 na kitabu kilekile!

Ninachopenda kuliko vyote ni kuwinda maneno. Unapitisha macho, unazungushia yanayokuita, kwingine kote unafunika. Wiki ile binti yangu mkubwa kaenda chuo Dodoma, nyumba kimya, nikafungua ukurasa wa kuzuia nyuki wasihame, nikajikuta nimezungushia kundi, likihama, acha, mzinga, wazi. Nililia pale pale mezani, yaani yale niliyoshindwa kumwambia stendi yalikuwa yamechapwa humo siku zote. Nikafunika mengine kwa bluu, pembeni nikabandika kipande cha kitenge kilichobaki fundi alipomshonea gauni la kuondokea. Ukurasa wa pili yake sijaugusa, akija likizo atachagua maneno yake.