Tiketi za Halloween zimekwisha: ya kufanya sasa, na ya kufanya kabla ya Juni

Kila ikifika Septemba, wazazi wenzangu hapa Phoenix, Arizona, huanza kuulizana, "Mmepata tiketi?" Ni tiketi za sherehe za Halloween, siku ya Oktoba 31 ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupewa peremende. Wengi hawajapata. Wamefungua tovuti ya bustani ya burudani waliyoitaka, wamekuta kalenda ya Oktoba yote ni kijivu, tarehe moja baada ya nyingine imeuzwa. Likizo imeshaombwa kazini. Hoteli imeshalipiwa. Mtoto ameshajua atavaa nini. Inauma, na si jambo dogo kwa mtu aliyedunduliza miezi kadhaa ili awapeleke wanawe mahali ambapo wenzao wa darasani wanapasimulia kila siku.

Yamenikuta. Mwaka huo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akamshonea mjukuu wake mabawa ya popo kwa kaniki, akayatia vijiti vya mwavuli mbovu ili yafunguke mtoto akinyanyua mikono. Siku ya mauzo niliingia kwenye foleni ya mtandaoni ya bustani moja asubuhi, kabla hata mauzo hayajafunguliwa. Kwenye skrini kulikuwa na kimstari kinachojaa taratibu na maandishi kwamba muda wa kusubiri unazidi saa moja. Saa moja ikazaa nyingine. Zamu yangu ilipofika nikabonyeza Ijumaa tuliyoitaka, ikageuka kijivu kidole kikiwa bado juu yake. Nikabonyeza Jumapili, ikakubali, ikaniuliza tuko wangapi, ikanipeleka kwenye malipo, halafu ikanirudisha mwisho wa foleni. Nilipofika mbele tena hapakuwa na kitu. Nilikasirika sana, na naamini hasira ile ilikuwa ya haki. Mtu aliyekwishafika kwenye malipo anastahili kushikiwa nafasi yake mpaka amalize.

Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kwa karibu, na ninaloliona ni kwamba tiketi hizi haziendi kwa wenye pesa nyingi zaidi. Zinakwenda kwa waliopata habari mapema. Na habari hizo kwenye jumuiya zetu huchelewa mno, hufika wakati matangazo yamejaa barabarani na kwenye televisheni, yaani wakati tarehe nzuri zimeshauzwa.

Kwanza ieleweke sherehe yenyewe inavyoendeshwa, maana hapa ndipo familia nyingi hukwama. Sherehe kubwa za Halloween kwenye bustani hizi mara nyingi hazimo kwenye tiketi ya kawaida ya siku. Bustani hufungwa mapema kwa wageni wa mchana, halafu hufunguliwa kwa wenye tiketi za usiku tu. Chukua mfano wa Mickey's Not-So-Scary Halloween Party kule Magic Kingdom, Florida. Inafanyika usiku maalumu kuanzia Agosti hadi Oktoba 31, saa moja jioni mpaka saa sita usiku, na mwenye tiketi yake anaruhusiwa kuingia tangu saa kumi alasiri. Mwenye tiketi ya mchana, hata kama ameilipia ghali, anaombwa kutoka sherehe ikianza. Nimeona watu wamenunua tiketi za siku tatu wakidhani usiku umo ndani yake. Haumo. Na kwa kuwa wanauza ili watu wawe wachache, peremende ziwatoshe watoto na gwaride lionekane, idadi ya kila usiku ina kikomo. Ikifika hapo, wamefunga.

Bei nayo hupanda kwa kadiri unavyoisogelea Oktoba 31. Mwaka 2023 sherehe hiyo ya Florida ilianzia dola 109 kwa usiku wa bei nafuu na kufika dola 199 kwa usiku wa Halloween wenyewe, kabla ya kodi. Familia ya watu watano ikitaka usiku ule wa mwisho inakaribia dola 1,000, bila chakula, bila maegesho, bila hoteli. Na bado usiku huo mara nyingi huwahi kuisha. Ushauri wangu hapo ni mwepesi: achana na Oktoba 31. Peremende ni zilezile, gwaride ni lilelile, wahusika wa katuni ni walewale, na mtoto wa miaka sita hajali tarehe. Siku za katikati ya wiki, hasa mwanzoni mwa msimu, ndizo zinazobaki kwa muda mrefu na ndizo zenye bei ya chini.

Sisi wa Arizona tuna tatizo letu la ziada. Shule zetu nyingi zinafungua mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo zinatoa likizo fupi ya Oktoba, na nusu ya mji huingia barabara ya I-10 kwenda California wiki ileile. Ukitafuta siku ya katikati ya Oktoba ukidhani wenyeji wa kule wako kazini na watoto wao wako shuleni, utakutana na majirani zako wa Phoenix. Kama shule inakuruhusu kumtoa mtoto siku moja ya Septemba, Septemba ni bora kuliko likizo ile.

Sasa tarehe za mauzo. Kwa miaka ya karibuni, sherehe ya Florida imekuwa ikianza kuuzwa karibu mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na wageni wa hoteli za bustani hupewa siku za mbele kabla ya umma. Oogie Boogie Bash, sherehe ya Halloween iliyoanza 2019 kule Disney California Adventure, huuzwa karibu mwishoni mwa Juni, na wenye pasi za mwaka wameshawahi kufunguliwa mlango kabla ya watu wengine. Ndiyo maana unaingia siku ya kwanza ya umma na kukuta baadhi ya tarehe zimepungua tayari. Bustani za Universal wao wanaanza kuuza Halloween Horror Nights, sherehe yao ya kutisha, mapema vilevile, na huko Jumamosi za Oktoba ndizo za kuwahi. Tarehe za mwaka wowote zisome kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na ujiandikishe upokee barua pepe zao kuanzia Aprili.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko bei. Mauzo haya huwekwa asubuhi ya siku ya kazi. Mama anayepakia mizigo ghalani, simu yake imefungiwa kwenye kabati mpaka mapumziko, anakaaje kwenye foleni saa tatu mfululizo? Baba anayehudumia wazee kwa zamu ya mchana ataomba ruhusa ya nini, ya kununua tiketi? Wanaokaa mezani mbele ya kompyuta ndio wanaopata, na sisi wengi hatukai mezani. Bustani zingeweza kutoa sehemu ya tiketi kwa bahati nasibu ya siku kadhaa, kila mtu ajiandikishe kwa wakati wake. Mpaka wafanye hivyo, tunalazimika kusaidiana.

Siku yenyewe, angalia saa. Mauzo ya California yakifunguliwa saa tatu asubuhi, Phoenix pia ni saa tatu asubuhi kwa majira ya kiangazi, lakini kwa ndugu zetu wa Columbus, Ohio, ni saa sita mchana. Ingia kwenye chumba cha kusubiri cha mtandaoni kabla mauzo hayajaanza. Foleni nyingi za namna hii hugawa nafasi kwa bahati kwa wote waliokwisha kuwamo muda wa kufungua, na anayekuja baadaye anawekwa nyuma yao. Wewe ingia kwa simu yako, mwenzio kwa kompyuta yake, kila mmoja kwa akaunti yake iliyofunguliwa siku kadhaa kabla, nywila ikiwa imeshajaribiwa. Usibonyeze kitufe cha kuonyesha ukurasa upya, unaweza kupoteza nafasi. Kadi ya benki iwe imeshawekwa kwenye akaunti, na benki yako iwe na namba yako sahihi ya simu, kwa sababu malipo ya mamia ya dola kwa mara moja wakati mwingine husimamishwa kwa kushukiwa wizi. Andika tarehe tatu kwenye karatasi kwa mpangilio mnaoukubali nyote. Kule mbele hakuna muda wa kushauriana na mume.

Na kama umeshakosa?

Usikate tamaa wiki ya kwanza. Tiketi chache hurudi sokoni mara kwa mara: malipo ya watu yanakataliwa, bustani inaachilia zilizokuwa zimewekwa kando. Chungulia asubuhi na mapema na usiku kabla ya kulala. Tulipata hivyo mwaka mmoja, Jumanne ya Septemba, baada ya kuamini kwamba tumekosa kabisa. Ukiona tarehe imefunguka, nunua kwanza kisha utafute hoteli, si kinyume chake. Hoteli nyingi hukubali kughairiwa. Tiketi hizi, kwa kawaida, hazirudishwi pesa hata mvua ikinyesha.

Halafu walanguzi. Hapa naomba unisikilize. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Bukavu, aliziona tiketi nne kwenye kundi la mtandaoni, muuzaji akijieleza kwamba mtoto wake ameugua. Picha za watoto, maneno ya upole, hata "Mungu akubariki." Akatuma pesa kwa simu, akapokea picha za misimbo ya tiketi. Walisafiri saa sita kwa gari. Getini msimbo wa kwanza ulipopitishwa mashine ikakataa. Mhudumu akaangalia, akamwambia tiketi hizo zimeshatumika jioni ileile. Picha moja ilikuwa imeuzwa kwa watu wangapi, hakuna ajuaye. Watoto walikuwa wamevaa tayari, wamesimama pale na ndoo zao tupu za peremende. Pesa haikurudi. Pesa uliyomtumia mtu kwa Zelle au Cash App kwa hiari yako ni vigumu sana kuidai. Kadi ya mkopo walau inakupa njia ya kulalamika. Na tiketi nyingi za bustani hizi, kwa masharti yake, haziruhusiwi kuuzwa na mtu kwa mtu. Nunua kwa bustani yenyewe au kwa wakala anayetambuliwa na bustani, basi. Mtu usiyemjua akikuhimiza utume pesa "sasa hivi, kuna mwingine anasubiri," funga mazungumzo.

Njia nyingine ni kwenda mchana. Disneyland hupambwa kwa Halloween tangu mwishoni mwa Agosti, na mapambo hayo, pamoja na Haunted Mansion, jumba la mizimu ambalo tangu 2001 hubadilishwa sura kwa msimu huu, unayaona kwa tiketi ya kawaida ya siku. Watoto wanaweza kuvaa mavazi yao. Mwenye miaka 14 na kuendelea haruhusiwi kuvaa hivyo mchana, kwa hiyo kijana wako mkubwa mwambie mapema asije akarudishwa. Knott's Berry Farm, kule Buena Park, ina Spooky Farm ya watoto wakati wa mchana ndani ya kiingilio cha kawaida. Ila usichanganye hiyo na Scary Farm ya usiku, iliyoanza 1973. Hiyo ni ya kutisha kwelikweli, moshi na mazimwi, na bustani yenyewe inasema haiwafai walio chini ya miaka 13. Halloween Horror Nights vilevile. Nimesikia wazazi wakisema, "Kwa kuwa ya watoto imeisha, tuchukue hii iliyobaki." Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto wa miaka saba atakaa na picha zile kichwani muda mrefu.

Mtoto naye aambiwe ukweli mapema, siku ileile uliyojua. Tulimwambia binti yetu mezani, kwa maneno machache: watu ni wengi, nafasi ni chache, hatukupata. Alilia. Kisha akauliza kama mabawa atayavaa. Alivaa kwenye uwanja wa kanisa moja la jirani, ambako familia zilifungua buti za magari, zikayapamba kwa maboga na utando wa buibui, watoto wakapita gari hadi gari wakipewa peremende bila kulipa hata senti. Makanisa na shule nyingi za hapa hufanya hivyo mwishoni mwa Oktoba. (Najua zipo nyumba zetu, za Waislamu na za Wakristo, ambazo hazishiriki Halloween kabisa. Naziheshimu, na siandiki kumshawishi yeyote.)

Kwa mwakani, tumekubaliana na familia kadhaa za hapa mtaani kuanza upatu Januari, kila nyumba ikitoa kidogo kila mwezi, ili Juni ikifika pesa ya tiketi iwepo bila kugusa kodi ya nyumba. Kila nyumba itakabidhi tarehe zake tatu na majina kamili ya watu wake. Walio mapumzikoni siku ya mauzo watakaa foleni kwa ajili ya walio kazini, baada ya kusoma kikomo cha tiketi ambazo mtu mmoja anaweza kununua. Mlioko Tucson, Dallas au Columbus, anzeni ya kwenu, na mkipata tarehe za mauzo kabla yetu, tuambieni.