Cherehani isihesabiwe utajiri

Mhariri, asalaam aleikum. Swali lenu la wiki hii ni hili: mtu aliyejiajiri mwenyewe, mwenye kibanda chake au kamba zake za mwani, anastahiki kupokea ruzuku ya Serikali? Jibu langu ni ndiyo, anastahiki, maadamu anachokipata hakitoshi kuilisha nyumba yake. Naandika kutoka Micheweni, Pemba. Mimi ndiye mwandishi wa daftari katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni kina mama wa mwani, na baadhi yetu ni walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaotoa ruzuku kwa kaya masikini, kwa hiyo hesabu za majirani zangu nazipitia kila wiki tunapokaa kununua hisa, yaani kuweka akiba zetu.

Barazani utasikia: "Fulani ana biashara, ruzuku ya nini tena?" Anayesema hivyo nadhani anamfikiria mtu wa Darajani, sokoni mjini Unguja, mwenye duka la vitambaa na vijana wawili wa kumsaidia. Huku kwetu aliyejiajiri ni mama anayechoma mikate asubuhi, mzee anayesuka ukili, kijana anayenunua samaki diko na kuwatembeza kwa baiskeli. Hana mshahara, na siku akilala na homa hakuna anayemlipa. Wengi hawakuchagua kujiajiri. Walijiajiri kwa sababu kazi ya kuajiriwa haikuwepo.

Niuseme mwani kidogo, maana ndio ninaoujua. Umelimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989, na sehemu kubwa ya unaosafirishwa hutoka Pemba. Mkulima hashuki baharini kila siku. Hushuka wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na yakija maji mafu hukaa juu akashughulika na mengine. Mbegu ikishafungwa kwenye kamba husubiriwa wiki sita hivi. Kisha uvune, ubebe mzigo unaochuruzika maji mpaka juu, uanike. Kilo saba au nane za mbichi zikikauka inabaki kilo moja tu ya kuuza. Ikiunyeshea mvua kabla haujakauka, bei imekwenda. Bahari ikipata joto, mwani wa aina ya cottonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya aina ya spinosum, hupauka na kukatikakatika, ukenda siku ya kuvuna ukakuta kamba tupu. Mkulima hajafanya uzembe wowote, na miezi miwili yake imekwenda na maji.

Sasa nifungue ukurasa wa jirani yangu mmoja kwenye daftari letu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, jina silitaji. Wiki aliyouza mwani amenunua hisa tano, nazo ndizo nyingi tunazoruhusu kwa kikao kimoja. Inayofuata moja. Kisha mistari mitupu, na pembeni nimeandika "mfuko wa jamii," yaani siku hiyo alichukua msaada wa kikundi wa kumpeleka mtoto hospitali. Halafu zinarudi hisa tano: hapo alikuwa ametoka dago, yaani kwenda kupiga kambi kuchuma karafuu, upande wa Wete, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Baada ya hapo, mitupu tena.

Mtu huyu akiulizwa kwa mwezi anapata kiasi gani, ajibu nini? Hana mwezi. Ana bamvua na ana msimu. Akitaja wiki ya dago ataonekana anajiweza, akitaja ya maji mafu ataambiwa anadanganya kwa sababu watu walimuona na fedha. Hapa ndipo aliyejiajiri anapoonewa bila ya mtu kukusudia kumuonea. Mwenye mshahara akisema kipato chake, kile cha mwezi huu ndicho cha mwezi ujao. Wa kwetu lazima atazamwe mwaka mzima ndipo ajulikane.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo, nalo ni vyombo vya kazi. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, tangu ulipoanza mwaka 2012 na ulipoingia kipindi chake cha pili mwaka 2020, majina hupendekezwa kwenye mkutano wa shehia, kisha kaya huulizwa maswali ya hali ya maisha: nyumba ina paa gani, sakafu gani, ndani mna nini. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana bila ya kuulizana fedha zingekwenda kwa jamaa za wenye nguvu. Lakini watu huku wameushika vingine. Wameamini kwamba kitu chochote cha thamani kikionekana ndani, jina linakatwa. Jirani yangu huyo huyo ni fundi wa kushona pia. Iliposikika kwamba wageni wa kuhakiki kaya wanakuja, aliifunga cherehani yake kwenye shuka akaipeleka kwa dada yake usiku, ikakaa huko mpaka walipoondoka. Sare za skuli alizokuwa ameshachukua fedha zake zikachelewa, na mteja mmoja akaja kudai kitambaa chake. Mwanamke mwaminifu kabisa, anaificha kazi yake kama mtu aliyeiba.

Na mpango wenyewe ndio unaohimiza walengwa waunde vikundi vya akiba, wafuge kuku, wafungue genge! Haiwezekani mtu aambiwe jishughulishe, akijishughulisha majirani wamnong'one kuwa anakula visivyo vyake.

Wengi wetu huku tunasoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Tunakijua kisa cha Nabii Musa na Khidhri, na lile jahazi lililotobolewa ili mfalme asilipore. Wenye jahazi lile wametajwa kuwa ni maskini wanaofanya kazi baharini. Walikuwa na chombo, walikuwa na kazi, na bado wakaitwa maskini. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameishika aya hii kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na chombo chake na kazi yake, na akabaki katika wanaostahiki zaka ikiwa mapato hayamtoshi. Ruzuku ya Serikali si zaka, najua, lakini sioni kwa nini tuwe wagumu kwa fundi cherehani kuliko walivyokuwa masheikh wetu kwa wenye jahazi.

Wenye jamaa Uingereza huenda wamesikia habari za Universal Credit, ruzuku ya serikali ya kule kwa wenye kipato kidogo. Kule aliyejiajiri anaruhusiwa kuomba, na hutoa hesabu ya mapato na matumizi ya kazi yake kila mwezi. Vifaa vya kazi havihesabiwi kuwa akiba yake, na hilo nalipenda. Lakini wengi wao, mwaka wa kwanza ukishapita, huwekewa kiwango cha chini cha mapato, na mwezi akipata pungufu huhesabiwa kana kwamba amekipata kiwango hicho. Mkulima wa mwani akifanyiwa hivyo ataadhibiwa kwa maji mafu. Hilo la pili tusiliige.

Mfano mwema tunao hapa hapa. Pencheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi ilipoanza mwezi wa Aprili 2016, kila Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70 aliwekewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee haulizwi kama bado anashona makuti au ana mikarafuu mitatu nyuma ya nyumba. Kwa hiyo hafichi kitu. Nimewaona wazee wakitoka kupokea na kwenda moja kwa moja kununua kamba au ukili waendelee na kazi zao. Sisemi kila ruzuku iwe ya watu wote, fedha hazitoshi. Nasema watu wakiwa hawana hofu, hufanya kazi.

Upande wa pili nao niuseme. Yupo aliyeanza na genge la tungule na sasa ana duka la rejareja na friji mbili, na mwaka mzima hisa zake hazipungui tano. Huyo atoke, ampishe mwenziwe, na ajiunge na mpango wa hiari wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ili uzeeni awe na chake. Kubaki kwenye orodha hali unajiweza ni kumnyang'anya mama ambaye jina lake halikupata nafasi, na huyo mama mara nyingi tunamjua kwa sura.

Kwa anayeitwa kuhojiwa, mimi nawaambia wenzangu waseme kazi zao zote, mwani, dago na cherehani, na watoe daftari. Jina likikatwa bila ya kuelewa sababu, malalamiko yapelekwe kwa kamati ya shehia mapema, yakiwa yameandikwa.

Na wanaokuja kuhakiki wasije wakati wa mavuno ya karafuu, nusu ya kaya zetu zikiwa zimetoka dago na nusu ndiyo kwanza zimerudi na fedha. Wakilazimika kuja wakati huo, waulize mabamvua yaliyopita, tangu vuli mpaka masika, na wakubali daftari la kikundi kuwa ni ushahidi. La kwetu wakilitaka nitawafungulia, mradi mwenye ukurasa awe amekaa hapo na amekubali.