Jibu: Baba yuko misheni, binti wa miaka 13 amebadilika

Dada, shikamoo kama umenizidi. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Mumeo ni mwanajeshi, yuko misheni ya kulinda amani Kongo, sasa ni mwezi wa tano tangu aondoke. Binti yenu wa miaka 13 amekuwa mkali, anajifungia chumbani, hesabu zimeshuka, na mawifi wanakwambia ni ukubwa tu, mpeleke bweni mpaka baba yake arudi. Unauliza ni utundu au kuna tatizo.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa kota, nyumba za familia za wanajeshi, nimekulia humo, na mzee wangu alikwenda misheni Darfur, Sudan, nikiwa kidato cha pili. Nitakwambia niliyoyaona, na machache niliyosoma baadaye nilipotaka kujua kwa nini nyumba yetu ilikuwa vile.

Tarehe 13 Julai 2013 ilikuwa Jumamosi. Redio ya jirani ikasema wanajeshi 7 wa Tanzania wameuawa Darfur, wameviziwa wakiwa doria. Majina hatukuyasikia. Simu ya mzee haipatikani. Jioni wanawake wa safu yetu walitoa viti nje, kila mmoja na simu yake mapajani, na hakuna aliyempigia mwenzake kwa sababu kila mmoja alitaka laini yake iwe wazi. Kwenye saa moja ikaingia Land Rover ya kikosi, taa zinawaka, inakuja taratibu. Nadhani unaijua hiyo gari, ndiyo inayoleta habari za msiba. Watu wote kimya, tunaangalia itasimama mlango wa nani. Ikatupita. Kumbe ilikuwa inamrudisha mgonjwa tu kutoka hospitali.

Mzee alipiga Jumatatu usiku. Sauti ilikuwa inachelewa kama kawaida ya simu za kule, unasema halafu unajisikia mwenyewe. "Umekula?" Nimekula. "Unasoma?" Nasoma. "Mpe mama." Basi. Nilifurahi sana, halafu palepale nikaona aibu, maana kupona kwa baba yangu kulikuwa na maana kwamba milango mingine saba imegongwa. Sikumwambia mtu. Kuanzia hapo gari likifunga breki usiku naamka, naenda dirishani. Darasani nasinzia. Mwalimu aliniita mvivu, akanichapa, na mimi mwenyewe nikaamini ni uvivu.

Desemba 2017, ilipotoka ile habari ya wanajeshi wetu wa kulinda amani waliouawa Semuliki kule Kongo, nilikuwa chuo, nimekuja nyumbani wikiendi. Mzee kastaafu, amekaa sebuleni anamenya karanga. Mimi nikajikuta nimesimama dirishani.

Sasa hayo ya kusoma. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics la Marekani lilitoa utafiti wa Anita Chandra na wenzake wa taasisi ya utafiti ya RAND. Waliwahoji watoto zaidi ya 1,500 wa miaka 11 hadi 17 ambao wazazi wao ni wanajeshi, pamoja na mzazi aliyebaki nyumbani. Walikuta shida za kihisia nyingi kuliko za watoto wengine wa rika lao. Wasichana wa umri wote, na vijana wakubwa kwa jumla, ndio walioelemewa zaidi shuleni, nyumbani na kwa marafiki. Kadiri mzazi alivyokaa mbali muda mrefu ndivyo mambo yalivyozidi. Mwaka huohuo, jarida hilohilo likaonyesha kwamba kwa watoto wadogo wa miaka 3 hadi 8, safari za kliniki kwa matatizo ya akili na tabia zilipanda kwa asilimia 11 mzazi akiwa vitani.

Ni Wamarekani, sawa. Wengi wao huenda hawana bibi anayekuja kukaa miezi sita, wala jirani wa kota anayemlisha mtoto wako bila kuuliza. Na wale 1,500 walitoka kwenye familia zilizoomba nafasi ya kambi ya watoto wakati wa likizo, si kila familia ya jeshi. Lakini kuna jambo moja mle lililonigusa kuliko takwimu zote: hali ya akili ya mzazi aliyebaki ilikwenda sambamba na hali ya mtoto. Mama akiwa vibaya, mtoto anakuwa na matatizo mengi zaidi, baba akiwa mbali na hata akisharudi.

Hapo nilimkumbuka mama. Mdogo wangu wa miaka 8 alianza kukojoa kitandani, akachapwa, akazidi. Bibi alipofika kutoka Tarime hakumgusa mtoto kabisa. Alimchukua mama, akamwambia alale, simu ikae kwake bibi, ikilia atamwamsha. Mama alilala mchana kutwa. Yule mdogo wangu aliacha kukojoa baada ya wiki tatu hivi, bila dawa na bila kiboko. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu hiyo. Ila kwenye uzi wako umeandika mistari ishirini kuhusu binti, na kuhusu wewe mstari mmoja tu: "mimi niko sawa, silali tu vizuri." Dada, anza hapo. Huyo mtoto anausoma uso wako kila simu inapoita.

Pia usimfiche. Sisi tulifichwa, kwa hiyo tulisikiliza mlangoni, na unayoyasikia mlangoni huwa nusu. Nusu nyingine unajitungia. Mwambie unachokijua, na usichokijua sema hujui.

Jiandae na kurudi kwake, watu huwa hawasemi hili. Mzee alirudi na begi la zawadi, tukachinja, wiki mbili sikukuu. Baadaye tukagundua analala taa inawaka, anakaa kiti kinachotazama mlango, mtoto akiangusha sufuria anafoka mpaka mishipa inamtoka. Na kaka yangu, ambaye mwaka mzima ndiye alikuwa analipa luku na kufunga geti, akaambiwa "we mtoto, nani kakutuma?" Hawakuongea karibu mwaka. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Nyumba ilikuwa imejipanga bila baba, na baba alikuwa amerudi kwenye nyumba aliyoiacha.

Kuhusu hospitali: najua ukitaja afya ya akili, mtu wa kwanza atakuuliza kama mnampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, tena anakusudia tusi. Usisikilize. Hospitali kubwa zina kliniki ya afya ya akili, unakwenda kama unavyokwenda ya meno. Kuna na namba 116, simu ya kusaidia watoto, haikatwi hela, hata binti mwenyewe anaweza kupiga bila wewe kuwepo. Ila akianza kusema anatamani kufa, au ukaona anajiumiza, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

La bweni. Mimi nisingempeleka mwaka huu. Dada yangu alipelekwa, kwa nia njema kabisa, "asisumbuke na mawazo." Siku ile ya Julai alikuwa huko. Habari aliipata kwa msichana wa kitanda cha pili, na matroni hakuwa na simu ya kumpa. Alikaa hivyo hadi Jumanne. Sisi angalau tulikuwa na viti vya nje na Land Rover ya kuangalia.