Maswali ya Wasomaji: Blanketi la Vinundu

SWALI: Hamjambo mafundi. Nataka kumfumia mjukuu blanketi la mraba, sentimita 80 kwa 80, lenye vinundu vinavyotokeza. Vitambaa vya makochi nimefuma miaka mingi, ila vinundu vyangu vingine vinatokeza mbele, vingine vinazama nyuma. Nakosea wapi? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Hatujambo, bibi. Kinundu cha kroshia hutokeza upande usiokutazama wakati unakifuma. Bila shaka unaweka vinundu katika kila mstari, wa kwenda na wa kurudi, ndiyo maana nusu vinaangukia nyuma. Viweke kwenye mistari ya shufwa tu, ile unayoifuma huku nyuma ya blanketi ikikutazama.

Chukua uzi wa akriliki wa unene wa kati (donge la gramu 100 huwa na kama mita 200) na sindano ya milimita 5. Kwa mkono usiobana sana utapata nguzo fupi (chomeka, vuta kitanzi, zungusha uzi, pitisha katika vitanzi vyote viwili) 14 katika sentimita 10 za upana, na mistari 16 katika sentimita 10 za urefu. Mpango huu unataka idadi inayogawanyika kwa 4, kisha uongeze 3. Kwa sentimita 80 idadi hiyo ni 111.

Fuma mnyororo wa vitanzi 112. Huo uufume kwa sindano ya milimita 5.5 au 6, maana mnyororo uliobana ndio unaokunja ukingo wa chini, na hata ukiufua haunyooki. Rudi kwenye sindano ya 5, anza tundu la pili kutoka kwenye sindano, fuma nguzo fupi 111. Kila ukigeuza kazi, fuma kitanzi kimoja cha mnyororo, wala usikihesabu.

Mstari wa 2: nguzo fupi 3, kinundu 1, nguzo fupi 3, kinundu 1, hivyo hivyo hadi umalize kwa nguzo fupi 3. Mstari wa 3: nguzo fupi tupu. Mstari wa 4: nguzo fupi 1, kinundu 1, kisha nguzo fupi 3 na kinundu 1 mpaka mwisho, umalizie kwa nguzo fupi 1. Hapo vinundu vinakaa katikati ya vile vya chini yake. Mstari wa 5: nguzo fupi tupu. Rudia mistari ya 2 hadi 5. Simama mstari wa 127, ili safu ya mwisho ya vinundu ifanane na ya kwanza.

Kinundu chenyewe: zungusha uzi, chomeka, vuta kitanzi, zungusha tena, pitisha katika vitanzi viwili tu na uache kilichobaki kwenye sindano. Fanya hivyo mara 5 katika tundu lilelile. Sindano sasa ina vitanzi 6. Zungusha uzi, uupitishe katika vyote kwa mkupuo. Nguzo fupi inayofuata ibane kidogo, maana ndiyo inayokisukuma kinundu kitoke. Ikilegea, kinundu kinalala kama maharage yaliyolowa.

SWALI: Shikamooni. Nilianza na 111, sasa nimebaki na 104 na blanketi linachongoka juu. Niongeze pembeni? (Msomaji wa Nakuru)

JIBU: Marahaba. Usiongeze. Ukingo utafanya ngazi na vinundu vyote vya juu vitahama mahali pake. Fumua hadi mstari wa mwisho wenye 111. Inauma, lakini ni kazi ya jioni moja.

Nguzo hupotea sehemu mbili. Ya kwanza ni mwisho wa mstari, ambako nguzo ya mwisho hujikunja ikafanana na ukingo. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye nguzo ya kwanza na ya mwisho, ukihamishe kila mstari. Ya pili ni tundu lililo jirani na kinundu: kinundu huliegemea likajificha, nawe ukaliruka. Unaporudi kwenye mstari mtupu, kati ya kichwa cha kinundu na kichwa cha kinundu lazima zikae nguzo 3. Ukiona 2, umeruka. Wanaofunga kinundu kwa kitanzi cha mnyororo hupata tatizo la kinyume: hukihesabu kama tundu na blanketi likapanuka.

SWALI: Ninunue madonge mangapi? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Vinundu hula uzi, kwa hiyo usikisie. Fuma kipande chenye vinundu, upana nguzo 23, mistari 25, ukipime kwa mizani ya jikoni. Tuseme kimetoka sentimita 16 kwa 16 na uzito gramu 28. Blanketi la 80 kwa 80 ni vipande 25 vya namna hiyo: gramu 700. Nunua madonge 8, ili ukingo unaofumwa mwishoni kuzunguka blanketi upate la kwake. Yote yawe na namba moja ya kundi la rangi, ile iliyochapwa kwenye karatasi ya donge. Nyeupe mbili za makundi tofauti dukani huonekana moja. Kwenye blanketi utaona mstari.

SWALI: Ukingo wangu wa pembeni unafanya mawimbi. Kwa nini? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Umeweka nguzo moja kwa kila mstari. Mistari ni 127, lakini upande wa juu una nguzo 111. Pembeni fuma nguzo 7, ruka mstari wa 8, endelea hivyo. Utapata 112, na hiyo moja ya ziada haionekani. Kila kona weka nguzo 3 katika tundu moja.

SWALI: Maelekezo ya Kiingereza yameandika “dc”. Ni nguzo fupi au ndefu? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Kwa Mwingereza ni fupi, kwa Mmarekani ni ndefu. Tafuta “sc” (“single crochet”, nguzo fupi ya Mmarekani) kwenye karatasi hiyohiyo. Ukiiona, maelekezo ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawaitumii.

SWALI: Naweza kulipiga pasi? (Msomaji wa Bujumbura)

JIBU: Hapana. Akriliki huyeyuka kwa pasi ya moto, na vinundu vikishalala haviinuki. Lioshe, likamue ndani ya taulo, ulitandaze juu ya mkeka kivulini huku ukilivuta kona.