Ukurutu wa Mtoto, Krimu ya Sokoni na Hofu ya Saratani

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mwanangu ana umri wa miaka 16, na tangu utotoni anawashwa sana kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Baba yake naye ana pumu. Shangazi yake ameniambia kwamba ngozi yenye mzio mwishowe huota saratani. Kijana wa jirani anayesomea uuguzi anadai kinyume, kwamba wenye mzio hawapati saratani kwa sababu kinga yao iko macho daima. Tangu mwaka juzi nampaka krimu ninayoinunua sokoni, nayo humtuliza haraka. Nimwamini nani? (Mama wa watoto watano)

JIBU: Mama, asante kwa barua yako. Shangazi na jirani wamekosea wote wawili, ila kosa la jirani lina elimu ndani yake, kwa hiyo nitaanza nalo.

Mtu mwenye mzio huwa na kinga inayoshtuka upesi: vumbi au chavua ikimgusa, mwili hutoa kingamwili aina ya IgE, na kero huanza. Watafiti walijiuliza kama mwili wenye kushtuka hivyo unaweza pia kuzigundua mapema seli zinazoanza kuharibika. Kwa glioma, ambayo ni saratani ya ubongo, tafiti nyingi zimeona kwamba wenye mzio huipata kwa uchache kidogo kuliko wengine. Kwa ngozi hakuna mwafaka wa namna hiyo. Utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011, uliowafuatilia watu wazima karibu 17,000 waliopimwa mzio wa kugusa, yaani ule unaoletwa na vitu kama nikeli ya hereni, ulikuta kwamba wenye mzio huo walikuwa na saratani chache zaidi za ngozi zisizo melanoma (saratani kali inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi), lakini saratani za kibofu cha mkojo zilikuwa nyingi zaidi kwao. Kinga iliyo macho daima isingesinzia inapofika kwenye kibofu! Isitoshe, mzio wa kugusa hufuata njia nyingine mwilini, si ile ya pumu wala ya ukurutu wa mwanao, yaani huo muwasho wa ngozi kwenye mikunjo, na hivyo matokeo hayo hayamhusu moja kwa moja.

Shangazi naye hakuitoa hofu yake hewani. Zipo tafiti zilizoona saratani za ngozi zikizidi kidogo kwa wenye ukurutu, lakini mtu anayemwona daktari wa ngozi mara kwa mara hukaguliwa mara kwa mara, na hata kivimbe kidogo ambacho kwa mwingine kingepita bila kuonekana, kwake huandikwa. Tena wagonjwa wenye ukurutu mkali wamekuwa wakitibiwa kwa taa za miale ya urujuanimno, au kwa dawa za kushusha kinga kama azathioprini na siklosporini, ambazo zinajulikana kuongeza saratani ya ngozi. Kwa hiyo ongezeko hilo dogo haliwezi kubebeshwa ukurutu peke yake.

Jambo jingine ambalo shangazi hana budi kulijua ni kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizo imefanywa kwa watu weupe, ambao jua ndilo adui mkuu wa ngozi yao. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya ngozi inayoikinga na jua, na kwetu saratani ya ngozi mara nyingi huchipuka mahali pengine: kwenye kovu la zamani la moto, kwenye kidonda cha mguu kilichokaa miaka bila kupona, kwenye wayo au chini ya kucha. Watu wenye ualbino wako katika hatari kubwa ya jua, hasa katika mji kama wetu ulio karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa sentensi moja tu, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mzio wenyewe. Krimu ya sokoni inayotuliza ndani ya siku mbili mara nyingi huwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kali kupita zote za kupaka, na nyingine huchanganywa na haidrokwinoni au zebaki ili kung'arisha ngozi. Klobetasoli ikipakwa miezi mfululizo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuichora michirizi isiyofutika. Ving'arishaji huiondolea melanini, yaani mwavuli wake. Huko Dakar, madaktari wameandika habari za wanawake waliopata saratani ya ngozi baada ya kujichubua kwa miaka mingi.

Usiikatishe ghafla, kwa maana ukurutu unaweza kurudi kwa ukali, na mwili uliozoea steroidi huweza kudhoofika. Mpeleke kijana kwenye kituo cha afya apunguziwe polepole na apewe steroidi hafifu ya muda mfupi, huku ukimpaka mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga. Mganga akague pia nyayo na kucha zake. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, kinundu kinachotoa damu, au mstari mweusi unaopanuka chini ya kucha huhitaji kukatwa kipande kidogo na kupimwa maabara. Na siku hiyo ubebe boksi la krimu, hata kama limechanika, ili mganga asome mwenyewe kilichoandikwa.