Ushauri kwa Afisa Mafunzo Anayeanza Kazi

Ukiajiriwa kuwa afisa mafunzo, huenda jambo la kwanza utakalokabidhiwa ni kalenda ya semina pamoja na orodha ya majina, na ni rahisi kudhani kwamba wajibu wako ni kuhakikisha kila jina limepata semina yake kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka 3 ya mwanzo, katika kiwanda cha kufungasha maji ya kunywa jijini Dar es Salaam. Faili langu lilijaa vyeti, lakini chupa zenye vifuniko vilivyokaa upande hazikupungua.

Kabla ya kupanga mafunzo yoyote, shinda na wafanyakazi kwenye mashine, na usikose kukesha na zamu ya usiku. Nilipofanya hivyo ndipo nilipogundua kwamba vijana walikuwa wanaijua kazi yao vizuri. Kilichoharibika kilikuwa kichwa cha mashine ya kufungia, ambacho kilikuwa kimelika, na msimamizi wa zamu hakuwa na ruhusa ya kuagiza kipuri bila saini ya mkubwa aliyekuwa amelala nyumbani. Nilikuwa nimewapeleka watu wale kwenye semina mara 2 kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Pale ambapo upungufu ni wa ujuzi kweli, nakushauri ujifunze utaratibu uliotumika Marekani kuanzia mwaka 1940, wakati viwanda vya zana za vita vilipopokea maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika mashine. Wasimamizi walifundishwa hatua 4: kumwandaa mgeni, kumwonyesha kazi, kumwacha aifanye mwenyewe, kisha kumfuatilia. Baada ya vita utaratibu huo ulipelekwa Japani, na viwanda vya huko, Toyota ikiwemo, viliushika kwa bidii kuliko wenyewe waliouanzisha. Ukiutazama juujuu utasema hauna jipya, lakini jaribu kuhesabu ni wasimamizi wangapi unaowajua wanaofika hatua ya tatu. Wengi huonyesha kazi kwa kasi yao ya miaka 10, kisha huuliza, "Umeelewa?"

Swali hilo lina hasara kubwa kwetu kuliko linavyodhaniwa. Kijana aliyelelewa kuheshimu wakubwa hawezi kumwambia fundi mwenye umri wa baba yake kwamba hakuelewa, kwa kuwa atahisi anamwambia kwamba hajui kufundisha. Atajibu, "Ndiyo, mzee, nimeelewa," kisha atakwenda kumuuliza mwenzake ambaye naye alijibu hivyo hivyo. Wazoeshe wasimamizi wako kusema, "Hebu nionyeshe," na mgeni anapoonyesha aeleze pia kwa nini anafunga vali ya maji kabla ya kuzima mashine, maana mkono unaweza kuiga mpangilio wa kazi bila kichwa kujua sababu yake.

Kuhusu kuandaa viongozi, kosa nililolishiriki zaidi ni kumpandisha fundi hodari awe msimamizi kwa sababu ya uhodari wake tu. Tulipoteza fundi mzuri tukapata msimamizi ambaye, mashine ikigoma, aliwasukuma vijana pembeni akaitengeneza mwenyewe. Siku hizi, kabla ya kupendekeza jina, humpa mhusika wageni 2 awafundishe kwa mwezi mmoja, nikaangalia wageni hao wanafanya nini yeye asipokuwepo. Vilevile, mtu akikaimishwa, apewe mamlaka yanayoonekana: aendeshe kikao cha asubuhi, atoe ruhusa za dharura, aagize vipuri hadi kiwango kilichoandikwa. Kaimu anayeambiwa "subiri bosi arudi" kwa kila jambo hajifunzi chochote isipokuwa kusubiri.

Fomu za tathmini zinazojazwa mwisho wa semina usizitegemee sana. Mara nyingi hupima chai, ukumbi na posho. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani aliyeandika kuhusu tathmini ya mafunzo, mwaka 1959 aliyagawa maswali ya tathmini katika ngazi 4: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakiwa kazini, na kazi yenyewe imenufaikaje. Ngazi ya tatu ndiyo yako, na haiwezi kupimwa ukiwa umekaa ofisini. Rudi kwenye mashine baada ya wiki 6.

Mkurugenzi akikuambia kwamba kampuni haina fedha za mafunzo, msikilize, kwa kuwa mara nyingine anasema kweli. Kwa Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi wake, na wakurugenzi wengi huona kwamba kwa kuilipa wameshamaliza wajibu wao. Usibishane naye juu ya hilo. Mweleze kwamba mafunzo unayoyataka hayahitaji ukumbi wala mtoa mada kutoka nje, bali yanahitaji saa za fundi, na uombe saa hizo ziandikwe kwenye ratiba ya zamu. Siku fundi anapofundisha, apunguziwe idadi ya katoni anazotakiwa kutoa. Asipopunguziwa, atamwambia mgeni asimame pembeni atazame, naye ataendelea na kazi yake.